Barua kwa mwanangu Doto

Mkuranga, Jumapili jioni

Mwanangu Doto,

Marahaba mama. Sisi hatujambo, bibi yako anakohoa kidogo, ni vumbi la kiangazi tu.

Simu yako ya juzi imeninyima usingizi. Ulikuwa unalia hata maneno hayatoki. Nilichoambulia ni kwamba mwalimu alinyanyua madaftari mawili ya hesabu mbele ya darasa, la Kulwa na lako, akauliza inakuwaje mapacha wa kufanana hivi mmoja apate 81 na mwingine 34. Ukaniuliza, "Mama, kama damu yetu ni moja, mimi nimeharibikia wapi?" Kabla sijajibu, matroni akahitaji simu yake. Basi nakujibu sasa, na nakujibu kwa kitu ninachokifahamu, maana nimekitazama miaka 14 ya kazi ya ugani: majimoto, wale chungu wanaouma wa kwenye mikorosho.

Unawajua, wamekuuma vya kutosha. Wewe ndiye uliyekuwa unalala chali chini ya mkorosho wa nyuma ya jiko ukiwatazama wakishona, Kulwa yuko pembeni anahesabu korosho za kwenye debe. (Wako wakulima bado wanavichoma moto viota vyao, na kila nikikuta hivyo roho inaniuma, kwa sababu hao ndio wanaomla mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, bila mtu kununua dawa.) Majimoto wanashikana viuno, huyu nyuma ya yule, mpaka jani linavutwa likutane na jani. Halafu anakuja mwingine amebeba buu mdomoni, anamgusisha upande huu na upande ule, na buu anatoa uzi wa hariri unaoyashona. Kundi zima, hata likienea miti mingi, lina malkia mmoja. Wanaotoka kuwinda na kulinda ni wale wakubwa wa umbo. Wadogo wa umbo hubaki ndani kulea mabuu. Kwa ndugu zao wa Australia, mtafiti Bert Hölldobler alikuta kuwa viota vya mpakani, vinavyomkabili adui kwanza, wanakaa wazee. Mama mmoja, kundi moja, harufu moja ya kutambuana, na bado hawafanyi kazi moja.

Sasa hiyo "damu". Chungu dume hana baba. Anatoka kwenye yai lisilorutubishwa, kwa hiyo ana seti moja tu ya vinasaba, na akizaa mabinti humpa kila mmoja seti yote nzima, bila kubakiza. Mama yao ana seti mbili, humpa kila binti mchanganyiko wa nusu. Piga hesabu polepole, hii unaiweza: dada wa baba mmoja na mama mmoja wanashirikiana robo tatu ya vinasaba, wakati mama na binti yake ni nusu tu. Dada anamkaribia dada kuliko mama anavyomkaribia mwanawe. Mwingereza William Hamilton aliandika juu ya hesabu hiyo mwaka 1964, na watu wengi waliona humo sababu ya chungu kufanya kazi maisha yake yote kulea wadogo zake badala ya kuzaa wake.

Lakini siafu wanaivuruga. Unamkumbuka yule mdudu mnene wa kahawia mwenye mabawa, anayekuja kugonga taa usiku, mkakimbilia chumbani kwangu wote wawili? Ni dume la siafu, anamtafuta malkia, ambaye yeye hana mabawa. Na malkia wa siafu hupandana na madume zaidi ya 10. Kwa hiyo ule msafara unaovuka njia ya shamba kama mkanda mweusi umejaa dada wa mama mmoja na baba mbalimbali, wanaoshirikiana robo tu. Hata hivyo wanatembea pamoja. Na huko Panama, kwa chungu wanaokata majani, imeonekana kuwa mabinti wa baba fulani huelekea kuwa wakubwa zaidi kuliko mabinti wa baba mwingine ndani ya kundi lilelile. Basi damu ina neno lake, sikufichi.

Ila kuna chungu mmoja ambaye nataka umsome hasa. Asili yake Asia. Anaitwa Ooceraea biroi. Hawana malkia, na hawahitaji dume. Kila mmoja anataga, na anayezaliwa ni nakala ya mamaye, kama wewe na Kulwa mlivyotokana na yai moja. Watafiti wa New York waliwachukua hao, wenye vinasaba sawa na umri sawa, wakawapaka nukta za rangi mgongoni ili wajulikane mmoja mmoja, wakawaweka kwenye makundi ya mmoja mpaka 16, na kamera juu yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Hata kwenye kundi la chungu sita tu, walianza kugawana kazi: huyu anatoka mara kwa mara, yule anakaa na watoto. Na kundi lilivyokuwa kubwa, kila mmoja alifanikiwa zaidi kuzaa na kulea.

Niliposoma habari ya zile nukta nikakumbuka kosa langu. Mlipozaliwa nilikufunga uzi mweusi mkono wa kushoto, nisije nikamnyonyesha mmoja mara mbili. Baada ya mwezi niliukata, kwa sababu kilio chako nilikuwa nakijua hata gizani. Halafu, mwanangu, nikatumia miaka 13 kuwashonea gauni moja, kuwasuka mtindo mmoja, kuwaita "mapacha" kama jina la mtu mmoja. Niwie radhi.

Nitakuja siku ya kutembelea wanafunzi na nitazungumza na mwalimu kwa adabu. Hesabu tutazisaidia, 34 si ya kuachwa. Kulwa nimemwandikia barua yake na nimeitia bahasha tofauti. Haifanani na hii, msizilinganishe.

Ule mkorosho wa nyuma ya jiko una kiota kipya, chini kabisa, unaweza kukifikia ukiwa umekaa. Nimemkataza baba yako kukata tawi lile mpaka mfunge shule.

Mama yako