Wafunge madaftari kwanza

Mpendwa Rehema,

Habari za huko? Sisi hatujambo. Barua yako nimeipata, na pale uliposema kidato cha pili wako wanaelewa leo, kesho hawana kitu, paliniuma. Nakuomba usiwaite wazito wa kichwa. Binadamu husahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: mengi hupotea mapema, saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau inapungua.

Dawa tuliyoizoea ni kuwaambia warudie kusoma notsi. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke, huko Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Wengine walirudia kusoma, wengine waliandika wanachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42 tu, na wale walioandika asilimia 56. Ndiyo maana mtoto anayekesha na daftari hulala akiamini anajua.

Basi ukiingia darasani, wafunge madaftari kabla hujaandika chochote ubaoni. Tuseme mada ni mmeng'enyo wa chakula: kila mmoja achukue karatasi, achore njia ya chakula toka mdomoni, aandike ini linafanya nini, kongosho inafanya nini. Waruhusu waandike kwa Kiswahili kama Kiingereza kinawakwamisha. Unachotafuta hapo ni kama wameelewa mmeng'enyo, lugha ya mtihani mtaishughulikia baadaye. Halafu wafungue, wajisahihishe wenyewe. Kujisahihisha usikuruke, maana kosa lisiporekebishwa papo hapo linaweza kuota mizizi. Mada ileile irudie baada ya siku chache, tena baada ya wiki kadhaa.

Karatasi usizikusanye, alama usitoe. Na fimbo, Rehema, iache ofisini, tena moja kwa moja. Mtoto mwenye hofu anawaza kiboko kitamshukia lini. Hilo kongosho atalikumbukia wapi?

Mwanzoni watanung'unika, kwa sababu kukumbuka kunachosha kuliko kusoma. Usirudi nyuma. Mwalimu mkuu akiuliza mbona madaftari yamefungwa, mwalike akae nyuma ya darasa kipindi kizima.

Nisalimie mama na watoto. Ukishaanza, niandikie ni mada ipi inawasumbua zaidi, tuipangie maswali pamoja.

Ni mimi rafiki yako,
Zawadi