Krismasi Njema, na Shamba Msilikate

Mulembe na heri za Krismasi kwenu nyote, ndugu zetu wa Vihiga, Kakamega, Siaya na Kisumu: mlio nyumbani mkikanda unga wa chapati, na mlio bado njiani na mizigo na watoto mapajani. Mungu awafikishe salama.

Wiki hii boma la watu watano litalaza ishirini, na hapo ndipo hesabu ya watu huonekana kwa macho. Dunia ilikuwa na watu bilioni 4 mwaka wa 1974. Novemba 2022 ikafikisha bilioni 8. Kenya ilihesabu milioni 10.9 mwaka wa 1969 na milioni 47.6 mwaka wa 2019. Wengi hudhani ni kwa sababu tunazidi kuzaa. Sivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama Mkenya alizaa wastani wa watoto 8; uchunguzi wa 2022 ulikuta 3.4. Tunaongezeka kwa sababu watoto wengi wa jana ndio wazazi wa leo, na watoto wanaofariki wamepungua, jambo la kumshukuru Mungu. 

Kinachotuuma huku ni udongo. Sensa ya 2019 ilikuta Vihiga watu zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita mraba. Eka ya babu ikigawanywa kwa wana wanne, kila mmoja anapata robo, na robo eka haipumziki. Mahindi juu ya mahindi, naitrojeni (rutuba ya udongo) inakwisha, gugu la kayongo linaingia. Mmea huu wa maua ya zambarau hunyonya mizizi ya mahindi, na mmoja tu hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi zinazoishi ardhini zaidi ya miaka kumi. Madhara hufanyika chini kabla hujauona. Ung'oe kabla haujachanua, kisha uuchome; ukitupwa kando ya shamba baada ya kuchanua, mbegu zimeshaanguka.

Dawa tunayoiamini ilitoka kwa watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Mbita: desmodiamu, mmea wa jamii ya maharagwe, katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi za napia kuzunguka shamba. Desmodiamu huziamsha mbegu za kayongo zikafa bila kupata mzizi wa kunyonya, hurutubisha udongo, na harufu yake hufukuza nondo wanaozaa viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Nondo hao hukimbilia napia. Acha sentimita 75 kati ya mistari ya mahindi. Mbegu za desmodiamu ni ndogo mno, kwa hivyo zichanganye na mchanga mkavu, uzimwage kwenye mfuo mwembamba na kuzifunika kidogo tu. Wengi hushindwa kwenye palizi: bila kupalilia wiki ya tatu na ya tano, magugu huzisonga. Desmodiamu ikishika, hukaa miaka, na ng'ombe huila.

Napia inataka mistari mitatu pande zote, na mita moja kabla ya mahindi, yasije yakakosa jua. Hiyo ni kama mita mbili na nusu kila upande. Ukanda wenye upana wa mita 12 unapoteza karibu mita 5 za upana huo. Shamba zima la eka hupoteza sehemu ndogo zaidi. Ndiyo maana tunawasihi wazee wetu: mkikaa sikukuu hii kuzungumzia urithi, wekeni nyumba zote upande mmoja, shamba lilimwe pamoja, na kinachogawanywa kiwe magunia.

Na nyinyi vijana mliooana, mama apumzike angalau miaka miwili baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi na koili vipo. Muuguzi atawaeleza kinachowafaa.

Mbegu za desmodiamu zitafuteni Januari, kabla mvua ndefu hazijaanza. Krismasi njema, na mwaka mpya wa baraka.