Asante, dada fundi wa Mbuyuni

Dada mwenye cherehani barazani pale Mbuyuni, Moshi, Jumamosi asubuhi: asante sana. Nilifuata uzi tu, nikiwa na miraba tisa ya vitenge niliyounga nyumbani kwa blanketi la mwanangu. Kona hazikukutana hata moja. Ukaweka kando sare ya shule uliyokuwa unashona. Ukafumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, kitambaa kisiguswe. Kwa pasi ya mkaa ukalaza mishono ya safu moja kulia, inayofuata kushoto, ukanishikisha nisikie inavyoumana kabla ya kuchoma pini. Hela ukakataa. Nanyi mafundi wengine, mtu akileta kazi iliyoharibika, mwonyesheni hivyo hivyo. Usiku nimemaliza, dada. Makutano yote manne yamenyooka.