Risala ya Wazazi, Walimu na Wanafunzi kwa Mheshimiwa Mbunge, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi, Mwalimu Mkuu, wazazi na wanafunzi, itifaki imezingatiwa.

Karibu Eastlands, hapa Nairobi. Msongamano wa Jogoo Road haujui cheo cha mtu, hivyo kufika kwako, hata saa hizi, kumetupa moyo.

Shule hii ya kutwa ilianza na madarasa machache. Leo ni fahari ya mtaa mzima. Mafanikio ni tele. Lango limepakwa rangi, klabu ya ushauri rika imeasisiwa, na sanduku la maoni limetundikwa nje ya ofisi. Ufunguo wake unatafutwa.

Mheshimiwa, tusikuchoshe. Ombi letu ni moja: mshauri nasaha aliyehitimu, anayelipwa na serikali, pamoja na chumba chenye mlango unaofungika.

Kwa sasa kazi hiyo anaibeba mwalimu wetu wa Kiswahili juu ya vipindi vyake vyote. Huwapokea wanafunzi wakati wa mapumziko, ndani ya stoo ya vitabu. Anayelia humo husikika hadi jikoni. Yakimzidi mtoto, mzazi huambiwa ampeleke Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Nauli ni yake, na kibarua cha siku hiyo kimepotea. Wengine, tuseme ukweli, wakisikia tu jina Mathari hawarudi tena shuleni kuuliza.

Mwaka 2020 jopokazi la serikali lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa. Tulishangilia. Lakini mgao wa serikali wa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa kutwa kwa mwaka ndio huo huo wa vitabu, umeme, maji na ukarabati, tena huja kwa kuchelewa. Mshauri akiingizwa humo, atalipwa kwa chaki. Tunaomba fungu lake pekee katika bajeti, nawe ulitetee Bungeni kabla haijasomwa Juni.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia alituahidi chumba. Tukapiga makofi, jiwe la msingi likawekwa. Jiwe lipo, Mheshimiwa, wanafunzi hulikalia wakila githeri. Mwingine aliahidi mafunzo kwa walimu, zikaja fulana. Tunazishukuru fulana.

Hivyo, kwa heshima kubwa, Mwenyekiti anayo barua ya ahadi na kalamu. Tunaomba uandike tarehe mbele ya wazazi. Chakula kitapakuliwa baada ya sahihi.

Wako mtiifu,
Katibu, Kamati ya Maandalizi