Barua ya Malalamiko: Skrubu ya Kitufe cha Mkanda wa Gitaa la Besi

Kata ya Ng'ambo,
Tabora.
14 Julai 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Duka la Vyombo vya Muziki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SKRUBU YA KITUFE CHA MKANDA ILIYOCHOMOKA KWENYE GITAA LA BESI NILILONUNUA KWENU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpiga besi wa kwaya hapa Tabora. Mwezi Aprili mwaka huu nilinunua kwenu gitaa la besi la nyuzi nne kwa shilingi 780,000, nikalipokea stesheni likiwa zima na limefungwa vizuri, na kwa upande wa sauti sina neno nalo hadi leo. Malalamiko yangu yanahusu kitu kidogo kuliko vyote katika gitaa hilo, yaani skrubu inayoshika kitufe cha mbele cha mkanda, kile ambacho mkanda wa begani hutundikwa, na zaidi ya hapo yanahusu majibu niliyopewa nilipowapigia simu.

Kitufe hicho kilianza kucheza wiki ya tatu tangu nianze kulitumia gitaa. Nilikikaza kwa bisibisi, kikatulia siku mbili, kikalegea tena. Jioni ya tarehe 12 Juni, tukiwa mazoezini, niliachia shingo ya gitaa kidogo ili nifunue ukurasa wa kitabu cha nyimbo, na papo hapo skrubu ikachomoka pamoja na kitufe chake. Mkanda ulinitoka begani, shingo ikaenda chini, na kichwa cha gitaa kikagonga sakafu ya saruji kabla sijaliwahi. Ufunguo wa kukazia uzi mnene ulipinda, na rangi ya pembeni mwa kichwa ilibanduka kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Picha zote niliwatumia siku iliyofuata.

Dada aliyepokea simu yangu alinisikiliza kwa adabu, na simlaumu yeye. Jibu lililokuja baadaye kwa maandishi ndilo lililonikera, kwa sababu liliniambia mambo mawili tu: kwamba niikaze skrubu kwa nguvu zaidi, na kwamba ikiwa haikazi basi tatizo limetokana na matumizi yangu, hivyo haliingii katika dhamana ya miezi 12.

Ndugu Meneja, skrubu ya mbao hushika kwa meno yake kuuma kuta za tundu. Kuta hizo zikishasagika, hakuna tena kinachoumwa, na kila mzunguko wa bisibisi huongeza upana wa tundu badala ya kukaza. Ndivyo ilivyokuwa kwangu: skrubu ilizunguka mara mbili tatu kwa ugumu kidogo, kisha ikawa inazunguka bure, na nilipoichomoa ilitoka na unga wa mbao mweupe umejaa kwenye meno yake. Mteja aliyefika hapo akiambiwa akaze zaidi, anaambiwa amalizie kuharibu.

Kuhusu matumizi, naomba mlinganishe vitufe viwili vya gitaa hilohilo, kama nilivyofanya mimi kwa rula ya shule ya mwanangu. Skrubu ya kitufe cha nyuma ina urefu wa milimita 25 na haijawahi kutikisika. Ya mbele ina milimita 18, na ukiondoa sehemu inayobaki ndani ya kitufe chenyewe, iliyokuwa ndani ya mbao haikufika hata sentimita moja na nusu. Tena tundu la mbele lilitobolewa pana kiasi kwamba skrubu ile ilidumbukia kwa kusukumwa na kidole karibu nusu ya urefu wake. Besi ni chombo kirefu, uzi wake ukiwa na inchi 34 toka daraja, yaani kiegemeo cha nyuzi kwenye mwili wa gitaa, hadi nati, yaani kiegemeo chake karibu na kichwa, na shingo yake huvuta kuelekea chini muda wote mpigaji akiwa amesimama. Kitufe cha mbele hakina raha hata dakika moja, na ndicho kilichopewa skrubu fupi. Mji huu, uliokuwa na bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, haujakosa watu wanaojua namna gitaa linavyobebwa.

Kwa kuwa kwaya haikuweza kusubiri, nililipeleka gitaa kwa fundi seremala jirani yangu. Mimi nilikuwa nimekwenda na njiti za kiberiti na gundi, kama wengi wanavyofanya. Akaziweka kando, akasema zinafaa kwa bawaba ya kabati. Alilisafisha tundu kwa kekee ya milimita 8, akachonga kijiti cha mninga kikavu kilichoingia kwa kubana, akakipaka gundi ya mbao, akakigongea ndani, na akakataa katakata kukigusa hadi jioni ya kesho yake. Ndipo akatoboa tundu jipya jembamba kuliko skrubu, akasugua meno ya skrubu ya milimita 30 kwenye kipande cha mshumaa, na akaiingiza polepole kwa mkono. Tangu siku hiyo haijacheza. Kazi yote ilinigharimu shilingi 15,000, nanyi mngeweza kunielekeza hivyo kwa simu ya dakika tano.

Ninachoomba ni kurudishiwa hizo 15,000 na kutumiwa ufunguo mmoja wa kukazia uzi badala ya uliopinda, kwa sababu huu nilionao hauushikilii uzi ukae kwenye sauti yake hadi mwisho wa ibada. Siombi gitaa jipya. Naomba pia mfungue magitaa ya aina hiyo yaliyobaki ghalani kwenu na kupima skrubu ya mbele, kwani naamini langu halikutobolewa peke yake siku hiyo, na kubadilisha skrubu kabla ya kuuza ni kazi ndogo. Vilevile naomba ile kauli ya matumizi mabaya ifutwe kwa maandishi, ili dhamana yangu iendelee hadi Aprili 2026.

Nitasubiri majibu yenu kwa siku 14. Nisipoyapata, nitapeleka barua hii pamoja na picha na risiti kwa Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa pia jukumu la kumlinda mlaji. Skrubu ya zamani nimeitunza kwenye mfuko wa nailoni, ule unga wa mbao ukiwa bado kwenye meno yake, na mkiihitaji nitaituma kwa basi siku mtakayoniambia.

Wako mteja,

Mpiga besi, Tabora