Risala ya Wanafunzi wa Maabara na Uuguzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kifafa Duniani, Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi, na ndugu mnaoishi na kifafa,

Shikamooni. Karibuni Moshi. Huduma ya kwanza itaonyeshwa uwanjani baada ya risala hii. Hapa tunaomba kueleza kisichoonekana kwa macho: alama za methili kwenye DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli.

Seli ya ini na seli ya ubongo zina DNA ileile. Zinatofautiana kwa jeni, yaani vipande vya DNA vyenye maelekezo, zinazosomwa na zinazofungwa. Methili, yaani kaboni 1 na haidrojeni 3, hubandikwa kwenye herufi C, mojawapo ya herufi nne za DNA (A, C, G na T), hasa inapofuatwa na G. Zikirundikana mwanzoni mwa jeni, mara nyingi jeni hiyo hunyamaza, ingawa herufi zenyewe hazijabadilika.

Mheshimiwa, adenosini, kemikali iliyomo mwilini, ni breki ya asili ya ubongo. Kovu likijitokeza kwenye ubongo, seli za astrosaiti, ambazo huzihudumia seli za neva, huongeza kimeng'enya cha adenosini kinasi, nacho huila breki hiyo. Tena, kila methili inapobandikwa, adenosini hubaki kama mojawapo ya masalia ya kazi hiyo. Masalia yakiondolewa upesi, ubandikaji huzidi. Degedege huacha kovu, kovu hupunguza breki, methili huongezeka. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani waliweka hariri inayotoa adenosini kwa siku 10 kwenye ubongo wa panya wenye kifafa. Methili zilipungua, na ugonjwa haukuendelea kukua kwa angalau miezi 3. Hao ni panya, kwa hiyo tusimwahidi mgonjwa yeyote tiba hiyo leo.

Kupima methili kunadai uangalifu. Damu ichukuliwe kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau yenye EDTA, si ya heparini (zote mbili huzuia damu kuganda), kwa kuwa heparini huzuia PCR, yaani mbinu ya kunakili DNA mara nyingi ili ipimike. DNA ikitiwa kemikali ya bisulfaiti, C isiyo na methili hugeuka na kusomwa kama T. Yenye methili hubaki C. Ugeuzaji usipokamilika, C tupu huhesabiwa kuwa na methili, na jibu huwa la uongo. Ukizidishwa, DNA hukatikakatika. Kwa hiyo kila mara pimeni pamoja na DNA inayojulikana kuwa haina methili. Na hata jibu likiwa safi, damu si ubongo: mchanganyiko wa seli zake ukibadilika kwa homa tu, kiwango cha methili nacho hubadilika.

Tuna maombi mawili. La kwanza, jokofu la kuhifadhia sampuli lenye umeme wa akiba, kwani umeme ukikatika usiku kucha sampuli huyeyuka na kuharibika. La pili, nalo ndilo linalotuuma zaidi: fenobabitali, dawa ya kuzuia degedege, isikosekane kwenye zahanati za vijijini. Mgonjwa akiikatisha ghafla anaweza kupata degedege mfululizo, na likizidi dakika 5 ni dharura ya kukimbizwa hospitali. Methili tunazichunguza kwa ajili ya kesho. Kidonge kinahitajika leo jioni.

Tunaomba kuwasilisha.