Vidonge Sita Kwenye Bahasha

Umoja, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote ni wazima, na baba yako anakusalimu, ingawa yeye mwenyewe utakutana naye mbele kidogo katika barua hii na sidhani kama atafurahi. Ninaandika nikiwa nimetoka zamu ya usiku. Chai imeshapoa mezani na usingizi umenikataa kwa sababu ya yale uliyoniambia kwa simu Jumapili: kwamba ulishikwa na mafua, ukapita kwenye duka la dawa karibu na kituo cha matatu huko Kahawa, ukauziwa vidonge kumi na vitano vya amoksisilini bila cheti cha daktari, ukameza tisa, ukapata nafuu, na sita ukavihifadhi kwenye bahasha yake ili vikufae siku nyingine.

Sikukukaripia kwenye simu kwa sababu wagonjwa walikuwa wakisubiri. Mafua, mwanangu, huletwa na virusi, na amoksisilini haina la kufanya na virusi. Kazi yake ni kuzuia bakteria wasijenge ukuta unaowahifadhi. Ulipona kwa sababu mafua huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja au siku chache zaidi, na vidonge vikapewa sifa isiyo yao. Uliniambia pia kwamba tumbo lilikuharibikia ukalaumu githeri ya jirani. Mimi siilaumu githeri. Dawa ya namna hiyo haichagui. Huwafyeka hata bakteria wanaokaa tumboni bila kukudhuru, na wale sugu wanaobaki hupata nafasi ya kuongezeka. Chuoni tulifundishwa kwamba Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, dawa ya ukoo mmoja na amoksisilini, mwaka 1928, alitumia hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kuonya kuwa mtu anayejitibu kwa dozi ndogo mno huwazoesha vijidudu kuistahimili dawa. Onyo hilo ni la kale kuliko bibi yako, na bado bahasha kama yako ninaziona kila siku.

Hata hivyo, sikuketi kuandika ili nikulaumu wewe na muuzaji wako, maana kosa kubwa zaidi la bahasha ninalolikumbuka nililifanya mimi.

Nilikuwa bado mgeni kazini, katika kituo kidogo cha afya ambacho sitakitaja. Alikuja mama mmoja muuza mboga, mwenye maambukizi ya kifua ambayo daktari alihakikisha kuwa ni ya bakteria, akaandikiwa amoksisilini hiyohiyo ya siku tano. Nilihesabu vidonge, nikavitia kwenye bahasha ya karatasi, na juu yake nikaandika "1 x 3, baada ya chakula", kama nilivyokuwa nikiandika juu ya karibu kila bahasha. Nikamuuliza, "Umeelewa, mama?" Akajibu, "Nimeelewa, daktari." Ameniita daktari, nami nikafurahi, basi yakaishia hapo.

Alirudi baada ya siku nane akiwa na homa kali, anahema kwa shida, na mkononi ameishika bahasha ileile yenye vidonge saba. Nilikuwa karibu kumgombeza kwa kuacha dawa. Kumbe hakuacha hata siku moja. Aliondoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda kununua mboga sokoni, akashinda kibandani na kikombe cha chai ya rangi, na mlo wake ulikuwa mmoja tu, usiku, baada ya watoto kula. Karatasi ilisema baada ya chakula, naye alitii: chakula kimoja, kidonge kimoja. Kilichoniuma zaidi ni kwamba amoksisilini haihitaji chakula. Inaweza kumezwa tumbo likiwa tupu bila kupungua nguvu, tofauti na dawa kama ibuprofeni ambayo ni afadhali itanguliwe na chakula ili isilikwaruze tumbo. Maneno hayo matatu niliyaandika kwa mazoea, bila kufikiri, na mama wa watu akalazwa.

Kuanzia siku ile sijamuuliza mgonjwa kama ameelewa. Ninamuuliza, "Jana ulikula saa ngapi? Unaamka saa ngapi? Unalala saa ngapi?" kisha tunazipanga saa zake pamoja. Figo huiondoa amoksisilini mwilini haraka, na ndiyo sababu "mara tatu" maana yake si asubuhi, mchana na jioni kwa kukisia, bali takriban kila baada ya saa nane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Muuza mboga angeziweza saa hizo bila taabu yoyote, kama ningemuuliza.

Sasa tumfikie baba yako. Unajua ana presha, na kwamba anameza amlodipini kila asubuhi. Mwezi uliopita nilimpima, kipimo kikasoma 172 kwa 104, ilhali tunaanza kumhesabu mtu kuwa na presha pale inapofika 140 kwa 90 na kuendelea kubaki hapo. Nikampumzisha dakika tano, miguu sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mdomo umefungwa (hilo la mwisho ndilo gumu kwake), nikarudia. Tofauti ilikuwa ndogo. Ndipo akakiri kuwa aliacha vidonge wiki sita zilizopita. Vifundo vya miguu vilianza kumvimba, akadhani dawa inamharibu figo, na kwa kuwa hakuumwa kichwa wala kusikia kizunguzungu aliona amepona. Kuvimba huko ni jambo linalojulikana la amlodipini, halina uhusiano na figo, na daktari alilitatua kwa kumbadilishia dawa. Lakini baba yako hakuniambia mapema kwa sababu alijua nitafoka. Wahenga walisema mganga hajigangi: saa zote za usiku ninawapangia watu wa mbali saa zao za dawa, na aliyelala kando yangu sikuwahi kumuuliza swali lile la muuza mboga.

Kwa hiyo, ukiugua tena, mweleze mhudumu maisha yako yalivyo, si yanavyopaswa kuwa. Kama unakula mara moja kwa sababu fedha za matumizi zimeisha, sema. Kama uliacha dawa, sema uliacha lini na kwa nini. Muulize dawa hii inatibu nini, na nikikosa kuimeza kwa saa yake nifanye nini. Kwa mafua, maji, mapumziko na parasetamoli vinatosha. Ila usipite vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku nzima, na usome paketi za dawa nyingine za mafua, kwani nyingi zina parasetamoli ndani na ini halijui kuwa umeinunua kwa majina mawili. Ukipumua kwa shida, au homa ikipita siku tatu, usingoje Jumapili kunipigia.

Jumamosi ukija, njoo na ile bahasha. Usimpe mwenzako wa chumba, usivimwage chooni. Nitavipeleka kazini viteketezwe pamoja na dawa zilizopitwa na muda. Mashine ya presha nitaiacha mezani. Baba yako amekubali kupimwa, kwa sharti kwamba atakayempima ni wewe na kwamba mimi nitakuwa nje ya chumba.

Ni mimi mama yako.